Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Mashabiki na Marefa wa Raga Ligi Kaskazini mwa Uingereza

Nimekaa West Yorkshire mwaka wa 11 sasa na msimu ukianza tu, Jumapili saa tisa alasiri hunipati kwenye simu, niko uwanjani. Sio uwanja mkubwa wa kwenye TV, ni hivi viwanja vya madaraja ya chini, ya wachezaji wa nusu ya kulipwa, Batley, Dewsbury, Halifax, Featherstone, Keighley, huko ndo nilikoipendea raga. Kila nikileta mgeni au nikiongea na watu wa nyumbani maswali ni yaleyale na karibu yote yanamhusu refa, kwa nini anazomewa vile, ye mwenyewe anajisikiaje, mbona hamna marudio ya video. Nimeamua kuyaandika sehemu moja nijibu vizuri.

Kwani raga ligi si ni ileile raga ya Kenya?

Hapana. Shujaa, timu ya taifa ya Kenya, na mashindano ya Safari Sevens ile ni raga yunioni ya watu 7, na yunioni nyingine ni ya watu 15. Raga ligi ni watu 13 kila upande, na zimeachana tarehe 29 Agosti 1895 pale George Hotel, Huddersfield. Vilabu vya kaskazini vilikuwa na wachezaji wachimba makaa na watu wa viwanda vya nguo, Jumamosi ilikuwa siku ya kazi, ukienda kucheza unakatwa hela. Vilabu vikasema tuwafidie hawa watu mshahara wanaoukosa, wakubwa wa raga huko kusini wakakataa kabisa, basi vikajitoa vikaanzisha umoja wao. Nataka ulishike hili maana ukifika kwenye swali la kwa nini wanamchukia mwenye filimbi, nusu ya jibu iko hapa.

Uchezaji wenyewe kwa kifupi: timu ikiwa na mpira inaruhusiwa kuangushwa mara 6, ikiangushwa ya sita mpira unakwenda kwa wenzao, kwahiyo ya tano ikipita kwa kawaida wanapiga teke. Trai, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wenzao, ni pointi 4, mkwaju wa baada ya trai 2, penati 2, ule mkwaju wa kudundisha mpira ndo upige ni 1. Kila mtu akiangushwa anasimama, anauweka mpira chini anausukuma nyuma kwa mguu, na wanaokaba wanatakiwa wawe wamerudi mita 10. Hapo kwenye mita 10 ndo ugomvi wote unapozaliwa.

Na hiyo nusu ya kulipwa maana yake nini?

Juu kabisa kuna Super League, hao kazi yao ni raga tu. Chini yake, Championship (na League 1 iliyokuwepo mpaka 2025, zikaunganishwa), wachezaji wengi wana kazi zao, fundi umeme, mwalimu, dereva, fundi bomba, wanafanya mazoezi jioni mara mbili tatu kwa wiki halafu Jumapili wanavunjana mbavu. Jumatatu asubuhi mtu yuko juu ya ngazi anafunga waya na jicho limevimba. Wapo wachache wanaolipwa kikamilifu, Toulouse kule Ufaransa kwa mfano walicheza Championship miaka kadhaa wakiwa watu wa kulipwa moja kwa moja, ila picha kubwa ndo hiyo.

Marefa nao hivohivo. Rugby Football League, mamlaka inayoendesha raga ligi Uingereza, ilianza kuwa na marefa wa kuajiriwa moja kwa moja mwaka 2007, ila hao ni wachache na wanakwenda kwanza kwenye mechi za Super League. Huku chini unaweza kupata mmoja wa hao wiki hii, wiki ijayo unapata kijana anayepandishwa taratibu ambaye Jumatatu naye anarudi ofisini kama wewe.

Kwa nini mashabiki wana hasira na refa kiasi hiki?

Hili ndo swali lenyewe na naomba univumilie nilijibu kwa urefu.

Wengi watakwambia ni kwa sababu marefa ni wabovu. Mimi sikubali. Nimesimama kwenye uzio na hawa watu miaka yote hii, nimekula nao pai, nimezika nao wazee wawili wa pale jukwaani, nawajua. Hasira yao haijaanza na refa wa leo. Shabiki wa klabu ndogo ya huku ana orodha ndefu ya maamuzi aliyofanyiwa na watu asiowahi kuwaona. Mwaka 1995, ilipokuja hela ya kampuni ya Rupert Murdoch, pauni milioni 87, ili Super League ianze 1996 na raga ihamie majira ya joto, kulitoka pendekezo Featherstone, Castleford na Wakefield ziunganishwe iwe klabu moja inaitwa Calder. Fikiria, miji mitatu yenye upinzani wa miaka na miaka unaambiwa kuanzia kesho nyie ni timu moja. Watu walikataa wakaandamana na mpango ukafa, lakini muulize mzee yeyote wa Featherstone leo, anakusimulia kama wizi uliotokea juzi.

Halafu ikaja hii ya kupewa alama. Kuanzia msimu wa 2025 kuingia Super League hakutegemei kushinda uwanjani peke yake, klabu inapewa alama, juu kabisa 20, wanaangalia uwanja, hela, idadi ya watazamaji, watu wanaokufuata mtandaoni na kadhalika. London Broncos walitoka Super League mwisho wa 2024 kwa utaratibu huo. Sasa wewe ni klabu ya mji mdogo, mgodi ulifungwa zamani, kiwanda kimefungwa, uwanja ulijengwa na babu zako kwa mikono yao, utazipata wapi hizo alama?

Hao waliopanga mambo hayo hawaji Jumapili, ndo tatizo. Hawakai kwenye mvua. Mtu mmoja tu anayekuja kwa niaba ya mamlaka, amevaa nembo yao, yuko mita 20 kutoka kwako na anakusikia, ni refa. Anabeba 1895, anabeba 1995, anabeba na alama za klabu, wakati alichofanya ni kusema mpira umeanguka mbele. Nimekuja kuamini hivyo kwa dhati na ndo maana siwezi tena kumfokea kama zamani.

Wanamwambia nini hasa?

Matusi yapo, siwezi kudanganya, na kuna wimbo mmoja wa matusi ambao kila uwanja wa Uingereza wanaujua, hata wa soka. Ila kelele za raga ligi zina maneno yake ya kudumu. Kuna "warudishe!", yaani refa, hakikisha wakabaji wamerudi mita 10. Kuna "mbele!", pasi imeenda mbele. Kuna "muda gani huo?", maana yake jamaa kalaliwa chini kwa makusudi ili mashambulizi yapoe. Na kuna "kamlalia!", hiyo ndugu yake. Ukisikiliza vizuri dakika 80 zote ni haya manne yanazunguka, yanatoka kwa watu walewale, sehemu ileile ya jukwaa, na mtoto wa miaka 6 ameshayakariri kabla hajajua sheria.

Hizo pasi wanazolilia ni za mbele kweli?

Nyingi hapana, na hili nikilieleza pale uzioni watu hawapendi lakini ni kweli. Sheria ya raga ligi inasema mwelekeo wa pasi unapimwa kwa mchezaji anayeitoa, haupimwi kwa ardhi. Chukua mtu anakimbia mita 8 kwa sekunde, anarusha mpira nyuma yake kwa mita 3 kwa sekunde. Mpira umetoka mkononi ukielekea nyuma, safi kabisa, ila kwa wewe uliyekaa jukwaani mpira bado unasogea mbele mita 5 kwa sekunde kwa sababu ulikuwa unakimbia pamoja na mtu. Ameutoa kwenye mstari wa mita 20 umedakwa mita 17 kutoka kwenye goli na ni halali. Sasa halafu yule aliyetoa akigongwa na kusimama palepale ndo inaonekana mbaya zaidi, maana yeye kabaki nyuma mpira umempita. Jukwaa zima linaruka.

Refa anatakiwa aangalie mikono inaelekea wapi pasi inapotoka, na anaangalia hivyo akiwa anakimbia kinyumenyume na mtu wa kilo 110 anampita ubavuni.

Na mita 10 je?

Hapa mashabiki wana haki zaidi. Refa ndo anayeweka mstari, yeye anarudi mita 10 anasimama na wakabaji wanajipanga naye. Lakini wakati huohuo anatakiwa aangalie kule mbele mtu aliyeangushwa anavyonyanyuka, nani kamshika mguu, mpira umerudishwa vizuri au umeviringishwa tu. Hawezi kuangalia kule na akawaangalia walio pembeni yake sawasawa. Wakabaji wanajua, wanaiba hatua moja, mbili. Shabiki aliyekaa kati ya uwanja anauona wizi ule vizuri kuliko refa, hapo namtetea shabiki.

Ila ukiwa umekaa kwenye kona huoni kitu, unadhani unaona. Uwanja wa Batley, Mount Pleasant, una mteremko unaojulikana raga yote, kuna kona moja imeshuka mpaka timu ngeni zinasema zinacheza mlimani. Ukisimama juu ukatazama ile kona ya chini kila mkabaji anaonekana amezidi. Nimesimama pale nikapiga kelele, nikahamia upande wa pili kipindi cha pili nikaona ni macho yangu.

Kwa nini kila mtu anahesabu penati?

Kwa sababu ni namba, na mtu akiwa na namba mkononi anajiona ana ushahidi. Utasikia "tumepigwa penati 9 wao 3" kana kwamba 9 kwa 3 inatosha kuthibitisha kuonewa. Timu inayokaba muda mrefu itapigwa penati nyingi tu, ndo hali ilivyo, wamechoka, wanalala juu ya watu. Jirani yangu pale jukwaani, mzee wa miaka 70 na kitu, anaweka alama kwa kalamu ya risasi nyuma ya programu ya mechi, mistari mitano mitano. Siku moja tumeshinda kwa pointi nyingi nikamuuliza, Mzee leo penati ngapi? Akaniambia, "Leo sijahesabu mwanangu." Nilitafakari jibu lile njia nzima nikirudi kwenye basi.

Ni kweli refa anapendelea wenyeji?

Kwa makusudi, mimi sijawahi kuona. Ila kelele zinamwingia mtu, hilo limepimwa. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio, walichukua marefa 40 wa soka wakawaonyesha video ya matukio yaleyale, wengine wakiwa na sauti ya mashabiki wengine kimya. Waliosikia kelele waliwahukumu wenyeji kwa faulo chache kwa asilimia 15.5 kuliko waliotazama kimya. Ni soka ile sio raga, lakini binadamu ni yuleyule. Kwahiyo shabiki anayesema kelele zake zinasaidia timu hajakosea. Swali langu kwake linakuja baadaye kidogo, kelele gani.

Kwa nini wasitumie video kama kwenye TV?

Hela. Super League imekuwa na refa wa video kwenye mechi za televisheni toka 1996. Huku chini hakuna kamera za kutosha, kuna refa na washika vibendera wawili, basi. Anaamua papo hapo na uamuzi unabaki. Mwenzio nyumbani anarekodi kwa simu, saa moja baadaye kipande cha sekunde 8 kinazunguka kimepunguzwa mwendo, na refa hakuwa na nafasi ya kuona hata mara ya pili.

Refa anasikia kweli tunachosema?

Anasikia kila neno. Watu waliozoea viwanja vya watu elfu 50 hawaelewi hili, kule sauti yako inamezwa. Huku tunakuwa mia kadhaa, elfu moja, tukijaa sana elfu mbili tatu. Mpira ukitoka nje kunakuwa kimya na sauti moja inafika mpaka upande wa pili wa uwanja. Mshika kibendera ndo kabisa, anatembea mita moja na nusu kutoka kwenye uzio.

Kuna siku, sitasema uwanja gani, nilikuwa nimeegemea uzio, mvua ile nyembamba ya Machi, na mshika kibendera alikuwa kijana, miaka 20 na kitu. Tukanyimwa trai ya kona. Nikasema maneno, sio matusi ya nguoni lakini nilimwambia anatakiwa aone aibu kuchukua hela ya watu. Hakugeuka. Ila niliona shingo yake kwa nyuma, juu ya kola iliyolowa, ikawa nyekundu taratibu kutoka chini kwenda juu, na mkono ulioshika kibendera ukabana mpaka vifundo vikawa vyeupe. Nilikuwa karibu kiasi cha kuhesabu vifundo. Dakika 30 zilizobaki nilisimama pale sikuweza kusema kitu wala sikuweza kuhama, nikaona kuhama ni kukimbia. Mechi ilipoisha nikasema samahani, akaitikia kwa kichwa akaenda. Basi ndo hivo, sijui kama alinielewa.

Pale pale uzioni kuna bibi mmoja, yeye anawafokea washika vibendera toka enzi za mume wake, halafu mapumziko anawaita anawapa pipi ya minti kutoka kwenye mkoba. Kila mechi. Na wanakwenda kuchukua. Yeye hajawahi kumwambia mtu aone aibu, anawaambia wafungue macho. Nimeona tofauti kati yangu na yake.

Mpaka uko wapi basi, nisipige kelele kabisa?

Piga. Raga bila kelele ni mazoezi. "Warudishe refa!" hiyo sema mpaka sauti ikauke, ni haki yako umelipa tiketi. Mpaka ni pale unapoacha uamuzi ukamshika mtu: sura yake, familia yake, rangi yake, uzito wake, anayempenda. James Child, aliyechezesha mpaka Super League, alijitokeza hadharani mwaka 2021 kuwa ni shoga, wa kwanza kati ya marefa wa raga ligi kufanya hivyo, na alizungumzia maneno aliyokuwa akirushiwa uwanjani. Mtu anakimbia kwenye mvua ili sisi tupate mechi, analipwa maneno yale. Una maoni yoyote kuhusu maisha yake, hayana kazi pale.

Kuna kanuni pia, Rugby Football League inaweza kuiadhibu klabu kwa tabia ya mashabiki wake, na makocha wameshatozwa faini kwa kuwasema marefa hadharani. Ukisikia mtu amevuka mpaka mwambie steward, yule msimamizi wa uwanja mwenye koti la njano. Faini ikija inatoka kwenye hela ya klabu ambayo tayari inauza tiketi za bahati nasibu ili inunue mipira.

Ni mechi gani ambayo watu bado wanamlaumu refa?

Ziko nyingi lakini ya zamani kabisa ninayoisikia ni ya Halifax. Fainali ya Challenge Cup, kombe la mtoano la raga ligi, mwaka 1954, walitoka sare 4-4 na Warrington Wembley, ikarudiwa tarehe 5 Mei pale Odsal, Bradford, mbele ya watu 102,569 waliohesabiwa getini. Warrington wakashinda 8-4. Halifax walikataliwa trai katika fainali ile na mpaka leo kuna mtu ambaye baba yake hakuwa amezaliwa bado anakuelezea kwa mikono trai ilivyofungwa.

Nyingine ni 1968, Wakefield na Leeds, uwanja wa Wembley umejaa maji wachezaji wanateleza kama bata. Wote wanamkumbuka Don Fox wa Wakefield aliyekosa mkwaju mbele ya goli kabisa dakika ya mwisho, wakafungwa 11-10. Wazee wa Wakefield wao wanakurudisha nyuma kidogo, kwenye trai waliyopewa Leeds na refa kwa sababu ya kuzuiwa njia. Kwao mechi iliishia pale.

Hizi kadi nyingi za siku hizi ni refa kajiamulia?

Hapana jamani, hili linanikera. Mwanzoni mwa 2024 mamlaka zilikaza sheria ya kugusa kichwa, kadi zikamiminika, na marefa ndo waliozomewa kila uwanja kwa maagizo waliyopewa. Na maagizo yana sababu. Wachezaji wa zamani, mmojawapo Bobbie Goulding, wamedai mahakamani kuhusu madhara ya ubongo waliyopata kwa kugongwa kichwa miaka yao ya kucheza. Hawa ni mashujaa wa walewale wanaozomea. Nakubali kuna kadi zilikuwa hazistahili, mchezo una kasi, mtu anateleza anashuka, bega linakuta kichwa. Ila refa akiinua ile kadi hachezei mechi yako, kuna mtoto wa mtu anarudi Jumatatu kazini na kichwa chake.

Kuna marefa wanawake?

Wapo na wanaongezeka. Kule Australia Belinda Sharpe alichezesha NRL, ligi kuu ya kule, Julai 2019, wa kwanza, na Kasey Badger alichezesha mechi ya wanaume Kombe la Dunia lililofanyika Uingereza 2022. Huku kwetu nimewaona kwenye mechi za watoto na kwenye vibendera. Wanaambiwa yale manne ya kawaida pamoja na ya kwao ya ziada, na hayo ya ziada ndo ya kuripoti.

Tabia hii ina madhara gani kwa mechi za watoto?

Hapa ndo panaponiuma hasa, maana mtoto wangu anacheza.

Jumapili asubuhi kabla ya mechi ya wakubwa kuna mechi za watoto kwenye viwanja vya wazi, hakuna jukwaa, kamba tu imezungushwa. Refa mara nyingi ni kijana wa sekondari anayejifunza, naye anacheza timu ya umri wake. Siku hiyo alikuwa na miaka 16 hivi, jezi imemzidi, filimbi anaipuliza kwa woga inatoka nusu. Watoto wa chini ya miaka 11. Mzazi mmoja wa upande wetu akaanza, warudishe, warudishe, ikaja mbele, mbele, halafu ikaja maneno ambayo sitayaandika. Sauti ileile, maneno yaleyale ya saa tisa alasiri, ila hapa anayeambiwa ni mtoto.

Pembeni yangu alikuwa amesimama mwanamke ameshika chupa ya maji na koti la ziada mkononi, sikumjua. Kila yule baba akifoka yeye anakunja lile koti, anakunja, anakunjua, anakunja. Nikamuuliza, Mama, una mtoto timu gani? Akasema, "Mimi ni mama wa refa."

Nilikwenda kwa yule baba, ni mtu ninayeheshimiana naye, nikamwambia kaka, mama yake yupo pale. Alinyamaza, uso ukabadilika, mapumziko akaenda mwenyewe kumsalimia. Ila yule kijana sikumwona tena na filimbi msimu ule, na wiki mbili baadaye mechi ya watoto wetu ikaahirishwa kwa kukosa refa. Watoto 13 wamevaa jezi, wamepakwa mafuta miguuni, wanarudishwa nyumbani. Sasa huyo Super League atamtoa wapi refa mzuri wa miaka kumi ijayo kama tunawamaliza wakiwa na miaka 16?

Marefa nao hawana makosa?

Wanayo na nisingependa ionekane nawatetea kwa kila kitu. Wapo wanaongea na wachezaji kwa dharau, wapo ambao hawaelezi uamuzi hata kwa ishara ya mkono, kapteni anauliza kwa adabu anafukuzwa kama nzi. Refa anayeeleza anapunguza nusu ya kelele, nimeshuhudia, anaonyesha tu kwa mikono kwamba mpira uligongwa hivi, jukwaa linanung'unika linatulia. Na ningependa mamlaka iwe inakiri makosa ya madaraja ya chini hadharani, sio mechi za TV peke yake.

Ni salama kukaa na mashabiki wa timu pinzani?

Kabisa, leta na watoto. Raga ligi huku hawatenganishi mashabiki, mnasimama pamoja mnanunua bia dirisha moja, na viwanja vingine mapumziko mashabiki wanabadilishana magoli, nyie mnakuja huku sie tunaenda kule, mnapishana njiani mnasalimiana na kumsema refa wote kwa pamoja. Utagundua kila upande unaamini ndo unaoonewa, refa yuleyule, dakika zilezile.

Nikija mara ya kwanza nisimame wapi?

Njoo mapema, kata tiketi ya kusimama, nunua pai, na kipindi cha kwanza simama katikati ya uwanja kwenye uzio ili uone mita 10 inavyoibiwa. Kipindi cha pili mfuate mshika kibendera, yeye akisogea na wewe sogea, tazama anachotazama. Jaribu kuamua kabla yake, bila kusema. Vaa viatu visivyopitisha maji na kama una pipi za minti weka mfukoni.